Lampe ndani ya lekteri ya CD: joto la rumba linatoka wapi?

Wenzangu wahitimu, na ninyi ambao mungali munakimbizana na memwari,

Kati ya sisi tunaopenda muziki wa wazee kuko wazo moja limeota mizizi: ukitaka kusikia rumba sawasawa kwa kaske, tafuta lekteri ya CD yenye lampe. Sisemi lampe ya kumulika nyumba. Ni ile ya kioo iliyokuwa ndani ya redio za babu zetu, inawaka rangi ya chungwa. Watu wanasema inaleta "sauti ya joto". Nimesikiliza mashine moja ya namna hiyo siku tatu mfululizo hapa Makiso, na hukumu yangu naitoa mapema: inapendeza sikio, inapendeza macho zaidi, na kwa mtu wa Kisangani anayesikiliza kwa kaske ni kitu cha mwisho kulipia.

Tufungue kifuniko. Laseri inasoma diski, alama zinakuwa namba: vipimo 44 100 kila sekunde kwa kila upande, biti 16 kila kipimo, vile Sony na Philips walivyopatana na vile inauzwa tangu 1982. Kisha chipu inageuza namba kuwa sauti. Mpaka hapo hakuna lampe hata moja, ni transistori tupu. Lampe inakuja mwishoni kabisa, kwenye mlango wa kutokea, mara nyingi mbili ndogo za aina ya ECC82 au ECC88. Inapitisha sauti na kuipaka rangi kidogo: juu ya kila noti inaongeza kivuli cha oktava yake, na sikio linapokea hiyo kama unono. Ni kiungo cha mchuzi tu.

Sasa fikiri ni muziki gani tunauweka ndani. Wendo alirekodi Marie-Louise mwaka wa 1948 kwa Ngoma, nyumba ya diski ya Nico Jeronimidis kule Léopoldville. Mwaka huo transistori ndiyo kwanza ilikuwa inatangazwa Marekani. Mikro, ampli, mashine za kukata diski, zote zilikuwa za lampe. Lile joto unalotafuta liliingia ndani ya wimbo zamani, baba yako hajazaliwa. Kuongeza lampe zingine mbili leo ni kumwaga mawese juu ya sombe ambayo mama alishaipika na mawese.

Halafu kuko jambo ambalo kaske inalifichua bila huruma: nyimbo hizo za kwanza ni mono. Kwa spika mbili chumbani, mono inakaa mbele yako kama bendi barazani. Kwa kaske, mwimbaji, gitaa na saksofoni wote wanabanana katikati ya kichwa. Baadhi ya nyimbo za stereo zilizofuata zinafanya kinyume: gitaa moja sikio la kushoto, lingine la kulia, katikati pengo. Hapo lampe haisaidii kitu. Kinachosaidia ni ampli ya kaske yenye kitufe cha kuvujisha kidogo sauti ya upande mmoja kwenda mwingine. Niliposikiliza Francophonic ya Franco kwa namna hiyo, magitaa ya TPOK Jazz yalianza kuongea, moja linauliza, lingine linajibu, na saa mbili zikapita bila masikio kuchoka.

Na mtego huu wauzaji hawausemi. Lekteri zingine za lampe hazina tundu la kaske kabisa. Zenye nalo, mara nyingi tundu hilo la mbele linalishwa na chipu ndogo pembeni, lampe inalisha matundu mawili ya nyuma tu. Unalipia lampe, unasikiliza chipu! Hata ingekuwa njiani, lampe ndogo peke yake haina nguvu ya kusukuma vizuri kaske ya omu 32, zile ambazo wengi wetu tunazo. Basi mbele ya kuuliza lampe ya aina gani, uliza tundu linatoka wapi na kaske yako ina omu ngapi.

Umeme nitausema haraka, juu munaujua. ECC88 inataka volti 6.3 kwenye filamenti. Kama trafo inatoa hiyo wakati ukutani kuko 220, ukutani kukishuka hadi 170 filamenti inapata karibu 4.9, isipokuwa ndani kuko kirekebishi. Umeme ukikatika, unaanza upya kusubiri ipate moto. Mto Tshopo unanguruma hapo karibu, sisi tunahesabu dakika.

Kilichonisukuma kuandika ni mwenye kuiazima ile mashine kwa mchuuzi: mwalimu mmoja mstaafu, mwenye CD zaidi ya mia mbili, Franco, Tabu Ley, Docteur Nico, Grand Kallé. Ili apate bei yake alikuwa ameshatenga nusu ya diski za kuuza. "Mwanangu," aliniambia, "afazali nisikie mia moja vizuri kuliko mia mbili vibaya." Mzee akisema hivyo, humjibu palepale. Siku ya tatu nikamwomba: Papa, ufunge macho. Nilicheza wimbo uleule, mara kwa lekteri ya lampe, mara kwa yake ya zamani, zote kupitia ampli moja ya kaske, ukubwa wa sauti nimeusawazisha kwa multimeta. Mara kumi. Alipatia sita, na mwenyewe akacheka. Lakini nilipobadilisha diski, wimbo mmoja kwenye CD yake ya kwanza na kwenye toleo la Sterns la 2008, hakukosa hata mara moja. "Hapa besi iko na miguu," alisema.

Hapo ndipo pesa inapaswa kwenda. Toleo lile la Sterns ni diski mbili, kutoka 1953 hadi 1980, na Ken Braun aliandika kitabu chake akieleza nani anapiga nini. CD nyingi za bei rahisi hazikuambii hata mwaka.

Na diski zenyewe zinakufa. Mwaka wa 2001 watafiti wa Hispania walieleza CD iliyotoka Belize, imeliwa na kuvu wa jenasi Geotrichum, aluminiamu na plastiki yake pia. Belize ni joto na unyevu, kama hapa kwetu. Mtu wa agronomia akisoma hiyo anafikiria ghala la mbegu mara moja. Dawa ni ileile: ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, chini mchele uliokaangwa mpaka ukakauka kabisa, ukapoa, ndani ya kitambaa. Ubadilishe ukianza kulainika. Kwa lekteri ya zamani, tafuta kichwa cha laseri cha akiba. Kama yako inatumia KSS-213 ya Sony una bahati, iko ndani ya mashine nyingi hata za bei ndogo. Ongeza stabilizateri na ampli ya kaske ya transistori.

Mzee bado hajaamua. Mashine imerudi kwa mchuuzi, lakini diski za kuuza zingali ndani ya katoni karibu na mlango. Nimempelekea ndoo mbili.