Mke wa Ayubu Asomwapo Masasi

Visa vya ugonjwa vilivyoenea katika Kiswahili kama kisa cha Ayubu ni vichache mno. Pwani kimetungiwa utenzi, ambao Alice Werner aliuhariri na kuutoa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Makanisani kinasomwa katika Biblia, na tangu 1952 wengi wamekisoma katika tafsiri ya Union. Wasomaji wamezoea kukitazama kwa upande wa mgonjwa: subira yake, mabishano yake na rafiki zake, na malipo aliyoyapata mwishowe. Lakini kando ya mgonjwa yupo mtu wa pili, mkewe, ambaye hakuumwa wala hakupumzika. Jinsi kila andiko linavyomtendea huyo ni kipimo kizuri cha kujua kama mtunzi aliujua ugonjwa wenyewe, au aliyajua mafundisho tu.

Masasi ni mahali panapofaa kwa kipimo hicho. Misheni ya Kianglikana ilianzishwa hapo mwaka 1876 na Askofu Edward Steere, yule yule aliyekusanya hadithi za Unguja na kutafsiri Maandiko. Na dawa iliingia pamoja na sala. Mkomaindo pana hospitali iliyotokana na misheni hiyo. Lulindi alifanya kazi daktari Leader Stirling, aliyefika mwaka 1935. Ndanda wapo Wabenedikto na hospitali yao. Katika hospitali za namna hiyo mgonjwa haji peke yake. Huja na mwuguzaji, ambaye hupika, hufua, humgeuza mgonjwa ubavu, na usiku hutafuta pa kujinyosha. Tena Wamakua, Wayao na Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya mgonjwa. Mume au mke Mkristo aliyeapa kanisani kumtunza mwenziwe katika uzima na ugonjwa huweza kujikuta ni mgeni penye kitanda cha mtu ambaye Kanisa limemwambia kuwa ni mwili mmoja naye. Kwa msomaji wa huko, swali la mke wa Ayubu si la darasani peke yake.

Katika Biblia mwanamke huyo ananena mara moja tu. Anamshauri mumewe amkufuru Mungu afe, anakemewa kuwa anasema kama wapumbavu, kisha anatoweka. Mumewe anamgusia kwa maneno machache tu katika malalamiko yake. Mwishoni wanazaliwa watoto kumi wengine, na mama yao hatajwi. Wahubiri wengi wamemfanya mfano wa kukosa imani. Usomaji huo ni mwepesi mno: watoto kumi waliokufa walikuwa wake pia. Wa kale walilihisi pengo hilo. Tafsiri ya Kiyunani ya Agano la Kale ilimwongezea maneno, ikamwonyesha akitangatanga nyumba hata nyumba kama kibarua, akingoja jua lichwe apate kupumzika. Na katika kitabu kiitwacho Agano la Ayubu, kilicho nje ya Biblia, anakatwa nywele zake apate mikate ya kumlisha mumewe.

Nywele hizo zinajulikana pia katika mapokeo ya Kiislamu, ambamo mke wa Ayubu huitwa Rehema. Kwa hiyo mwanafunzi Mkristo aufunguapo utenzi wa Ayubu haingii nyumba ya mgeni kama anavyodhani. Sifa ya masimulizi haya ni kwamba imani ya Rehema haielezwi kwa hoja: iko katika miguu yake na mikono yake, anapomtumikia mtu ambaye wengine wamemkimbia. Kasoro yake ni kwamba amekamilika kupita kiasi, kana kwamba hachoki. Hata hivyo ukamilifu huo haukumwokoa na dhana mbaya, maana wafasiri wa Sura ya Saad hueleza kwamba Ayubu aliapa kumpiga mkewe, akapewa njia ya kutimiza kiapo kwa kicha cha majani. Hata aliyeuguza vema alishtakiwa na aliyeuguzwa.

Shtaka la namna hiyo limeelezwa vizuri zaidi katika Kitabu cha Tobiti, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki na kisichomo katika ile ya Union. (Ndanda na Masasi zimetengwa na safari fupi ya barabara, lakini katika jambo hili rafu zao za vitabu ni mbalimbali.) Tobiti amepofuka, Ana mkewe anafuma kwa ujira, na siku moja waajiri wanamwongezea mwana-mbuzi. Mume anamsikia akilia, anadai kuwa ameibwa, na kumwamuru mkewe amrudishe. Ana anamjibu kwa ukali, akimwuliza zile sadaka na ile haki yake ziko wapi sasa. Hayo ni maneno ya nyumba yenye mgonjwa wa siku nyingi, na mwandishi hakuona haya kuyaandika. Baadaye mwana wao anapokawia safarini, Ana anakataa kutulizwa. Anamwambia mumewe anyamaze, mtoto amekwisha kufa. Na bado kila siku anatoka kwenda kuitazama njia. Kinywa chake kimekata tamaa, miguu yake haijakata. Hakuna mahali pengine katika maandiko haya yote ambapo tumaini limechorwa kwa ukweli kama huo.

Lakini Ayubu anapona, na Tobiti anapakwa nyongo ya samaki akaona. Hapo ndipo visa hivi vinapoweza kumdhuru msomaji. Akiambiwa mwuguzaji kwamba tumaini maana yake ni kupona, basi mwenziwe akifa, kifo kinakuwa hukumu juu ya sala zake. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba kinachoonekana hakitumainiwi tena. Na kwa kipimo hicho Ana wa njiani, kabla mwana hajaonekana, ni mfano bora kuliko Ana wa mwisho wa kitabu.

Tena wauguzaji wote hawa ni wanawake. Mume anayemwuguza mkewe hana kisa cha kale cha kukishika. Shaaban Robert alimlilia mkewe katika shairi la “Amina”, nalo ni la maombolezo. Linaanza mauti yalipokwisha kupita. Miezi ya kabla yake, ya uji na maji ya moto na mashauri ya wakwe, bado inangoja mtunzi, na mwanamume wa Newala au Masasi anayeishi kwa wakwe zake ana mengi ya kumwambia.