Kutotii, Kukaidi, Kuasi: Tafsiri ya Kitenzi Kimoja cha Sheria

Mfungwa wa Gereza la Ukonga huamrishwa kwa Kiswahili, ilhali Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 ilitungwa kwa Kiingereza. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, suala la kufasiri kitenzi "disobey" si la darasani tena.

Kitenzi hicho husema tu kwamba amri ilitolewa na haikufuatwa. Vitenzi vyetu si vikimya hivyo. Kukaidi hudai onyo lililotangulia na shingo ngumu. Mtu hakaidi kwa kusahau. Kugoma hudokeza dai na, aghalabu, kundi. Kuasi, chenye asili ya Kiarabu, kimekuja na harufu ya dhambi: amwasiye Mungu, mzazi au serikali hupimwa kwa mizani ileile.

Tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, sasa Lugalo, waliwakamata maofisa wao Waingereza. Walidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Kiswahili kimeliita tukio hilo maasi, na sina ugomvi na uteuzi huo. Mgomo ungeficha bunduki. Hata hivyo, akishasoma "waasi", msomaji haulizi tena mshahara ulikuwa kiasi gani.

Kuhalifu ndicho chenye mtego mkubwa zaidi. Kuhalifu amri ni kwenda kinyume nayo tu, lakini nomino mhalifu imehama hadi kwa mwizi na jambazi, nayo imekivuta kitenzi nyuma yake. Mfasiri akiandika kwamba mfungwa "amehalifu amri", amemtia hatiani mara ya pili kabla shauri halijasikilizwa.

Kutotii kinafaa zaidi. Yawezekana kikadharauliwa kuwa ni ukanushi mtupu usiozaa nomino ya mtenda. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake: mwasi, mkaidi na mhalifu ni majina anayobaki nayo mtu, ilhali "asiyetii" ni kishazi kinachokoma pamoja na tendo. Kasoro yake ni upana: aliyeshindwa kuisikia amri naye hakutii. "Kukataa kutii" huondoa upana huo, lakini huingiza nia ambayo "disobey" peke yake haikuitaja. Panapohitajika nia, kifungu na kiseme waziwazi "kwa makusudi", ili mwendesha mashtaka alazimike kuithibitisha.