Mdau asiyeajiri: shahada za kilimo na wanyamapori zikipimwa Kilosa na Mikumi

Programu mpya ya shahada hupita milango mingi kabla ya kudahili mwanafunzi wa kwanza. Idara huandika andiko, ndaki hulijadili, seneti hulipitisha, kisha linapelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 kushika nafasi ya baraza la ithibati la miaka ya 1990. Miongozo ya Tume inataka andiko liambatane na ushahidi kwamba mahitaji ya soko yamepimwa na wadau wameshirikishwa. Sharti hilo halikuzuka Dar es Salaam peke yake. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki (IUCEA), lenye makao Kampala, lilitoa 2010 mwongozo wa uthibiti ubora ulioandaliwa kwa ushirikiano na DAAD ya Ujerumani, na humo matakwa ya wadau ndiyo chimbuko la yote: ndiyo yanayozaa matokeo tarajiwa ya ujifunzaji, matokeo yanazaa kozi na mitihani, na mwishoni wadau haohao wanaulizwa kama wameridhika. Kwenye karatasi mzunguko umekamilika. Kasoro yake inaonekana mtu anapouliza ni akina nani hasa wanaoketi kwenye viti vya wadau, na jibu lake, mara nyingi mno, ni waajiri.

Mazoea hayo yana historia. Mwaka 2014 IUCEA ilitangaza matokeo ya uchunguzi uliosema kuwa zaidi ya nusu ya wahitimu wa ukanda huu hawakuiva kwa kazi: Uganda asilimia 63, Tanzania 61, Burundi 55, Rwanda 52 na Kenya 51. Takwimu hizo zimetajwa kwenye hotuba na makongamano mpaka zimekuwa kama sala ya kufungulia kikao, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba zilipima maoni ya waajiri. Maoni hayo yana uzito wake. Benki, kiwanda au kampuni ya ujenzi inamtumia mhitimu kila siku, inalipa mshahara wake na kubeba hasara ya makosa yake, kwa hiyo mwajiri wa namna hiyo ni shahidi mzuri. Afisa ugani wa Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ana mambo tofauti. Ajira yake inapitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, mshahara wake unatoka serikali kuu, bosi wake yuko halmashauri, ilhali kazi yenyewe inamwangukia mkulima wa mahindi wa Rudewa na mfugaji wa Twatwatwa. Halmashauri inaona ripoti ya robo mwaka. Mkulima anaona kama mtu alifika kabla viwavijeshi havijamaliza shamba. Dodoso likiishia halmashauri, mtaala utaboreshwa katika uandishi wa ripoti.

Hoja yangu basi ni hii: katika shahada ambazo anayeajiri si anayehudumiwa, kuwahoji waajiri hakuwezi kuhesabiwa kuwa ushirikishwaji wa wadau, hata kikao kiwe na mahudhurio mazuri namna gani. Kilosa ni mahali pazuri pa kuipima hoja hiyo, kwa sababu mbili. Kwanza, haiko mbali na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kilichoko Morogoro mjini, kwa hiyo umbali hauwezi kuwa kisingizio. Pili, ugumu wa wilaya hiyo unajulikana na umeandikwa. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Ukiitazama ramani, sababu zinajipanga zenyewe: tambarare ya Mkata yenye malisho, ranchi ya taifa, mashamba makubwa ya mkonge ambayo mengine yalitelekezwa miaka mingi, vijiji vinavyopanuka, na upande mmoja Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ambayo mifugo haitakiwi kuingia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 zimevipa vijiji mamlaka ya kupanga eneo lipi lilimwe na lipi lilishwe. Kuzitekeleza sheria hizo uwanjani kunahitaji mtu mmoja anayejua uwezo wa malisho kiangazi, kalenda ya mazao, njia za mifugo kwenda majini, na taratibu za mkutano mkuu wa kijiji. Chuoni, elimu hiyo imegawanywa: huyu anasoma sayansi ya wanyama, yule mazao, mwingine wanyamapori, mwingine mipango ya ardhi. Hata kama kila mtaala una mada yake ya migogoro, hakuna tangazo la kazi linalotafuta mtu wa kuyaunganisha haya yote, na kwa sababu halipo, upembuzi wa soko la ajira hauwezi kulibaini hitaji hilo. Soko haliwezi kudai kitu ambacho hakina kasma kwenye bajeti ya mtu yeyote. Wanaolijua hitaji ni wale waliozika.

Mikumi inatoa mfano mwingine, usio na mapigano ya watu lakini wenye mantiki ileile. Hifadhi ilianzishwa 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu iendayo Zambia inaikata kwa takriban kilomita 50. Malori ya Kongo, Zambia na Malawi yanapita usiku na mchana, na wanyama wanagongwa. Ukiandaa shahada ya usimamizi wa wanyamapori utawaita Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), mamlaka ya wanyamapori na kampuni za utalii, na ni sawa kabisa. Wakala wa Barabara hataitwa, maana haajiri wahitimu wa wanyamapori, wala chama cha madereva wa malori. Hata hivyo uamuzi wa wapi tuta liwekwe, mwendo upunguzwe saa ngapi na alama isomekeje gizani ndio unaookoa swala na nyati, na mhitimu atakayeketi na wahandisi bila kuielewa lugha yao atarudi na barua ya masikitiko tu. Mpakani mwa hifadhi hali ni hiyohiyo. Tembo akishavuka na kula shamba, kanuni zinampa mkulima kifuta jasho, na mtu akiuawa familia hupewa kifuta machozi. Afisa wanyamapori wa wilaya ndiye anayetakiwa kwenda shambani kukadiria hasara. Kukadiria ekari ya mahindi iliyokanyagwa katika wiki ya nane ni kazi ya mtaalamu wa mazao zaidi kuliko ya mtaalamu wa tembo, na mwenye shamba huona upungufu huo siku ya kwanza. Kama hakuwahi kuulizwa, chuo hakiwezi kuujua.

Mtu atasema haya ni matakwa ya peponi. Lakini SUA yenyewe imewahi kuendesha programu iliyoyakaribia sana. Mfuko wa Sasakawa wa elimu ya ugani barani Afrika ulianza kushirikiana na Chuo Kikuu cha Cape Coast nchini Ghana 1993, na kabla ya muongo huo kwisha mpango ulikuwa umefika Morogoro. Walengwa hawakuwa vijana wa kidato cha sita. Walikuwa mabwana na mabibi shamba walio kazini, watu wa stashahada za vyuo vya wizara kama kile cha Ilonga, Kilosa, ambao tayari walishakaripiwa na wakulima na wanajua kwa nini. Walisoma chuoni, kisha wakarudi kwenye maeneo yao ya kazi kwa miezi kadhaa kuendesha mradi pamoja na wakulima, wakasimamiwa na wahadhiri waliolazimika kusafiri kuwafuata, halafu wakarejea kumalizia shahada. Uzuri wa mpangilio huo ni kwamba ushirikishwaji uliwekwa ndani ya muundo wa masomo. Hata bila kuitishwa kikao, mhadhiri aliyesimama kwenye shamba la mradi uliofeli alipata maoni ya mdau, akitaka asitake. Udhaifu wake nao uko wazi: ulihitaji msukumo wa mfadhili, na ulihudumia watu wachache ambao waajiri wao walikubali kuwaachia. Hauwezi kunakiliwa kwa kila shahada yenye mamia ya wanafunzi.

Pingamizi la kwanza linalotolewa na wanataaluma ni kwamba mwanakijiji hajui mtaala, na kumwuliza ni maigizo. Ni kweli, iwapo ataulizwa kozi ipi iongezwe. Swali linalomfaa ni tofauti: tatizo gani lilikujia msimu uliopita, nani alikuja, alifanya nini, na baada ya hapo ilikuwaje? Kulitafsiri jibu kuwa matokeo ya ujifunzaji ni kazi ya mhadhiri, kama daktari asivyomwuliza mgonjwa jina la dawa. Pingamizi la pili ni zito zaidi: chuo kikuu si karakana ya wilaya, na takwimu, jenetiki au kemia ya udongo zisipigiwe kura Kimamba, Kilosa. Nalikubali kwa kiasi kikubwa. Mdau hana turufu ya kukataza somo. Anachostahili ni kujibiwa, na hapo ndipo utaratibu wetu umelegea, kwa kuwa orodha ya mahudhurio na muhtasari wa kikao vinathibitisha kwamba watu walisema bila kuonyesha kwamba kuna aliyesikia.

La tatu ni gharama. Fedha za mitaala hazijakosekana kabisa miaka hii: mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi (HEET), wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021, umelenga pamoja na majengo kuhuisha mitaala ya vyuo vya umma na kuunda kamati za ushauri zinazoviunganisha na viwanda. Kwa uhandisi au teknolojia ya chakula, kamati hizo ni hatua nzuri. Kwa ugani na wanyamapori, swali ni kiwanda kipi, na hakuna sababu kamati isiwe na mwenyekiti wa kijiji kinachopakana na hifadhi na mfugaji, vikao vikifanyika kwa Kiswahili. Njia ya bei nafuu kuliko zote, kwa maoni yangu, iko tayari makabatini. Wanafunzi hupelekwa mafunzo kwa vitendo na kurudi na ripoti, ripoti zinasahihishwa, alama zinaingizwa, na habari za uwanjani zinaishia hapo. Idara ikizisoma za miaka mitatu kwa pamoja, ikitafuta mahali mwanafunzi alipokwama mbele ya watu, itapata upembuzi wa mahitaji ambao hakuna dodoso la mwajiri litakaloutoa. Tume nayo ingeweza kuudai kwa kuongeza safu mbili tu kwenye fomu ya kuhuisha ithibati: kilichosemwa na mdau kilibadilisha nini katika mtaala, na kama hakikubadilisha kitu, kilikataliwa kwa sababu gani. Safu ya pili isiachwe wazi, na nakala ya majibu irudishwe Rudewa na Mikumi kabla muhuri haujagongwa.