Sifa za Wapimao Giza

Aghalabu binadamu ainuapo macho mbinguni usiku hushibishwa na nuru ya nyota, akalipuuza giza lililo baina yake kana kwamba ni utupu usio na habari. Lakini wako mafundi waliolichagua giza hilo hilo kuwa shamba lao, wakalilima kwa saburi ambayo, kwa itikadi yangu, yastahili sifa sawa na ile apewayo mfua dhahabu aliye hodari. Kazi yao ni kupima gesi na vumbi la galaksi za mbali, yaani udongo wa kufinyangia nyota.

Katika mwaka 964 Abdulrahman al-Sufi, mwanafalaki wa Isfahan, aliandika katika kitabu chake cha sura za nyota habari za wingu dogo lililo upande wa Andromeda. Hakuwa na darubini, wala hakujua kwamba wingu hilo ni galaksi nzima. Fahari ya kalamu yake ni kuwa ilieleza kilichoonekana isizidishe. Adabu hiyo haikupotea. Edward Emerson Barnard wa Marekani alipotoa orodha yake ya madoa meusi ya mbinguni mwaka 1919, na Robert Trumpler alipothibitisha mwaka 1930 kwamba vumbi jembamba mfano wa moshi limetanda baina ya nyota na kupunguza nuru yake, ilibainika kuwa lile giza lilikuwa pazia. Na waliokuja baada yao wakajua kwamba ndani ya stara yake ndimo nyota zizaliwamo.

Walakini vumbi ni sehemu moja hivi katika mia ya udongo huo wa nyota. Zilizosalia ni gesi, na sehemu kubwa ya gesi hiyo ni haidrojeni, ambayo katika baridi ya nyuzi 260 hivi chini ya sifuri hushikana atomu mbili mbili kama pacha wanaofanana mno, na kwa ajili ya kufanana huko haitoi hata mnong'ono wa kusikilika. Mwenye siri akinyamaza, huulizwa jirani yake. Jirani ya haidrojeni ni kaboni monoksaidi, gesi ile ile iuayo watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, molekuli yake moja hivi kwa elfu kumi za haidrojeni, nayo izungukapo hutoa wimbi la redio lenye urefu wa milimita 2.6. Mwaka 1970 Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias walilipokea wimbi hilo kutoka wingu la Orion kwa darubini ya Kitt Peak, Arizona, na tangu hapo gesi iliyo kimya ikapata shahidi wa kuisemea.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Maulamaa wa hadithi hawakuipokea kauli kwa utamu wake. Walimchunguza kila mpokezi katika silsila, ukweli wake na hifadhi yake, ndipo wakaikubali au wakaikataa. Wapimaji wa gesi wana desturi iyo hiyo. Mwaka 1991 Robert Brown na Paul Vanden Bout walitangaza kwamba wamelipokea wimbi la kaboni monoksaidi kutoka galaksi iliyoorodheshwa kwa jina la IRAS F10214+4724, ambayo nuru yake imesafiri zaidi ya miaka bilioni 10, na hesabu ya kwanza ikaipa akiba ya gesi ya ajabu. Wenzao hawakuishia katika kustaajabu. Waliichunguza njia iliyopitwa na habari ile, na baada ya miaka michache wakatambua kwamba galaksi nyingine ilisimama katikati, ikaikuza nuru kwa uvutano wake kama lenzi. Shahidi hakusema uongo. Sauti yake ilikuzwa njiani. Hesabu ikapunguzwa, na heshima ya kazi ikazidi.

Leo kazi hii ina karakana kubwa katika uwanda wa Chajnantor, jangwa la Atacama nchini Chile, mita 5,000 hivi juu ya bahari, mahali palipochaguliwa kwa ukavu wa hewa, kwa kuwa mvuke wa maji huyameza mawimbi haya. Antena 66 za karakana hiyo, iitwayo ALMA na iliyozinduliwa rasmi mwaka 2013, huweza kutawanywa hadi kilomita 16, kila moja ikapokea sehemu yake dhaifu ya wimbi, kisha zote zikaunganishwa kwa hesabu ya wakati iliyo sahihi mno hata zikawa jicho moja. Kwa jicho hilo na mengineyo imedhihirika kwamba miaka bilioni 10 iliyopita galaksi zilikuwa na gesi nyingi kuliko za leo, na nyota zikizaliwa kwa wingi. Ilhali galaksi yetu siku hizi hufinyanga nyota zenye uzito wa jua moja au mawili tu kwa mwaka.

Nami huvutwa zaidi na jambo dogo. Kila waandikapo uzito wa gesi ya galaksi, mafundi hawa huandika ubavuni mwake kiasi wanachoweza kuwa wamekosea, kuzidisha au kupunguza, maana shahidi wao hasemi kwa kadiri moja kila mahali: katika galaksi ndogo zenye kaboni na oksijeni haba, husema machache kuliko yaliyopo. Mashehe wa pwani yetu, baada ya kutoa jawabu walilolifanyia jitihadi, huufunga waraka kwa kukiri kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Nionapo ile tarakimu ndogo ya shaka pembeni mwa tarakimu kubwa ya uzito, huiona adabu ya waraka ule, na kwa ajili yake huziamini tarakimu zote mbili.