Tembo Aitwaye Tembo

Katika kipindi kimoja cha uhakiki, tulipokuwa tukijadili majina ya wahusika, mwanafunzi alileta mfano usiomo katika riwaya wala tamthilia zetu. Ni mhusika wa mchezo wa kompyuta uitwao Tembo the Badass Elephant, uliobuniwa Japani na kampuni ya Game Freak, hao hao walioanzisha Pokémon, na kutolewa na Sega mwaka 2015. Darasa lilicheka. Ukiifasiri anwani hiyo, tembo ametajwa mara mbili. Wanyarwanda, ambao ng'ombe wao hutungiwa mashairi ya amazina y'inka, wataachaje kumcheka mtu anayemwita mnyama wake kwa jina la jinsi yake?

Hata hivyo, kicheko kile kilikuwa cha haraka. Ngano za Kiswahili hufanya vivyo hivyo: Sungura huitwa Sungura, Fisi huitwa Fisi, na hakuna anayelalamika. Ni ngano za Kinyarwanda zinazochukua njia nyingine. Humo sungura haitwi urukwavu bali Bakame, na fisi, impyisi, huwa Warupyisi. Kwa hiyo wabunifu wa Japani, pengine bila kujua, walifuata desturi ya pwani.

Kasoro ipo mahali pengine. Katika ngano, jina la mnyama huja na tabia yake. Ukisikia Fisi, unajua kuna mlafi. Ukisikia Sungura, unangojea hila. Hata Disney katika The Lion King ya mwaka 1994, pamoja na kuyachukua maneno yetu bila haya, walijua jambo hili: Pumbaa amepewa jina linalotokana na kitenzi kupumbaa, na fisi Shenzi hahitaji maelezo. Lakini yule Tembo wa mchezo ana nini cha tembo wetu? Katika ngano nyingi, Tembo ni mkubwa anayezidiwa akili na mdogo. Sungura humshindanisha na Kiboko kuvuta kamba, kila mmoja akidhani anavutana na Sungura. Katika mchezo huu hakuna Sungura. Tembo anakimbia, anajiviringisha kama mpira, anaponda, na kila kilichosimama mbele yake huanguka.

Kwa nini basi neno tembo na si ndovu? Kwa mwanafunzi wa Kigali, ndovu lingekuwa rahisi zaidi, maana ni ndugu wa inzovu, wa enjovu ya Kiganda na wa indlovu ya Kizulu. Tembo halina undugu huo masikioni mwake, na juu ya hayo ni pia pombe ya mnazi. (Kongo ipo hata bia iitwayo Tembo, kwa hiyo huko mzaha wa jina hili ungekuwa mwingine kabisa.) Nadhani jibu liko katika mlio. Mnyama huyu amefungwa kitambaa kichwani mithili ya Rambo, yule askari wa sinema za Marekani, na Tembo lina vina na Rambo. Neno letu lilichaguliwa kwa sikio, si kwa maana.

Upande wa umbo, sina budi kusifu. Mkonga haukuwekwa kama pambo, kwani Tembo hurusha maji kwa mkonga huo. Chakula chake ni karanga, naye anaokoa raia wa mji uliovamiwa. Uzito wake unausikia mkononi unapocheza, na hilo si jambo dogo kwa mnyama aliyechorwa kama katuni.

Lakini raia hao ndio wanaonirudisha kwenye lugha. Tunasema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mara nyingi Kiswahili humtazama tembo kutoka chini, penye nyasi. Mchezo unamtazama kutoka mgongoni kwake, na nyasi zimegeuzwa kuwa watu wanaomshangilia. Jina limevuka bahari, mtazamo umebaki.

Hapa Rwanda tulikuwa na tembo aliyepewa jina kwa njia tofauti. Mwaka 1975 tembo wachanga 26 walihamishwa kutoka Bugesera hadi Hifadhi ya Akagera. Mmoja wao alikua akawa dume aliyezoea watu kupita kiasi, aliyeshambulia magari ya wageni, na watu wakamwita Mutware, yaani chifu. Alikufa mwaka 2018. Aliyempa jina hilo hakuwa na haja ya kamusi. Alikuwa amekaa ndani ya gari, au amesikia habari za waliokaa. Jina lenyewe lina hofu kidogo, lina heshima, na lina kejeli kwa wenye vyeo. Nilipolitaja darasani, mwanafunzi yule aliyeleta mchezo alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama Mutware naye angeweza kuchorwa. Nikamwambia aanze na masikio, kisha aweke gari mbele yake, na ndani ya gari amweke mtu.