"Kwa Mawasiliano Zaidi": Uhakiki wa Lugha ya Namba za Simu Vibaoni

Ni nadra leo kupita katika mtaa wa biashara, uwe Kariakoo, Dar es Salaam, au sokoni katika mji mdogo wa mkoani, usione namba ya simu juu ya mlango wa duka. Fundi cherehani anayo, mwenye gereji anayo, na mama lishe ameiandika kwa chokaa ubavuni mwa banda lake. Kwao namba hiyo ni mlango wa pili wa biashara, apitiao mteja asiyeweza kufika kwa miguu. Hata hivyo, sisi tunaoshughulika na istilahi ni mara chache tunaitazama kwa makini lugha iandikwayo kando ya namba hizo. Twapenda kuihakiki hapa, kwa kuwa makosa yake hayaharibu ufasaha tu, bali yaweza kumgharimu mteja fedha zake.

Tuanze na kauli iliyoenea mno: "Kwa mawasiliano zaidi". Mawasiliano ni tendo la watu kupashana habari. Mteja aliyesimama mbele ya kibao bado hajawasiliana na mtu yeyote. Je, hayo ya "zaidi" yanazidi yapi? Yaelekea aliyeitunga kauli hii alikuwa na "kwa maelezo zaidi" akilini. Hiyo ni sahihi, kwa sababu kibao kimekwisha kutoa maelezo machache, na yaliyosalia yatatolewa kwa simu. Isitoshe, neno "mawasiliano" halimwambii mteja afanye nini: apige simu, atume ujumbe, au aandike barua? "Piga simu" ni maneno mawili mafupi yasiyohitaji mkalimani.

Kasoro ya pili ni vifupisho vya kigeni. Kibao kilichoandikwa kwa Kiswahili safi hugeuka ghafla kifikapo kwenye namba: "Tel", "Mob", "Cont". Hatuoni sababu. Neno "simu" tunalo tangu zamani. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake huko ni waya. Wakati mmoja lilibeba simu ya maandishi na simu ya mdomo pamoja, hata barua za ofisi zikatofautisha "anwani ya simu", iliyotumika kupelekea telegramu, na "namba ya simu". Telegramu zimepita, lakini neno limebaki, na limekubali kubeba hata chombo kisicho na waya. Kifupisho "S.L.P." ni ushahidi kwamba ofisi zikitumia Kiswahili kwa pamoja, umma hukipokea. Lakini "simu" lenye herufi nne halina haja ya kufupishwa. Penye haja ya kutofautisha, tunayo "simu ya mezani" na "simu ya mkononi". Wenzetu wa Kenya husema pia "rununu".

Tatu, wengi huandika jina la kampuni ya simu badala ya kueleza kazi ya namba. Desturi hii ilikuwa na maana yake, kwani mteja alitaka kukadiria gharama ya kupiga. Lakini tangu mwaka 2017 mtumiaji wa simu nchini Tanzania aweza kuhama kampuni akabaki na namba yake. Kenya jambo hilo lilianza mwaka 2011. Aidha, majina yenyewe hubadilika: mwaka 2024 Tigo ya Tanzania iliitwa Yas. Linalomfaa mteja ni kujua namba ni ya nani na ya kazi gani: ya duka, ya karakana, au ya kupokea ujumbe wa WhatsApp tu.

Nne ni uandishi wa tarakimu. Namba ni kitu kizima. Tarakimu ni kila alama iliyomo. Tarakimu kumi zikifuatana bila nafasi humchosha msomaji, naye huruka moja. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu umependekeza makundi yatenganishwe kwa nafasi, na namba ya kimataifa ianze kwa alama ya kujumlisha. Basi ndani ya nchi tuandike 0700 000 000, na kwa mteja wa Lubumbashi au Moroni, +255 700 000 000. Kuandika "+255 0700" ni kosa, kwa maana sifuri ya mwanzo ni ya kupigia ndani ya nchi tu. Hata katika kutamka yafaa tuwe waangalifu: msemaji akitaja "nane mbili", msikilizaji ataandika 82 au 88?

Tumelibakiza jambo zito kuliko yote. Vibao vingi sasa vina namba mbili, ya kupigia na ya kulipia, na hii ya pili huitwa "Lipa Namba". Kisarufi, hayo ni maneno ya kuamrisha yaliyogeuzwa jina. Mtu hailipi namba, hulipa kwa kuitumia. "Namba ya kulipia" ingetosha. Lakini hatari imo zaidi pale namba zote mbili zinapowekwa chini ya "Mawasiliano" bila maelezo. Nani asiyeujua ujumbe wa walaghai, "ile hela tuma kwenye namba hii"? Ulaghai huo hutegemea mazoea ya kupokea namba zisizo na jina wala kazi. Mfanyabiashara mwaminifu asiyaendeleze mazoea hayo.

Twapendekeza basi mfano huu:

Kwa maelezo zaidi, piga simu ya duka: 0700 000 000, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni.
Kutoka nje ya nchi: +255 700 000 000.
Namba ya kulipia: 000000. Hakikisha jina la duka limetokea kabla ya kuthibitisha malipo.

Walimu waweza kuufanya mfano huu kuwa zoezi la darasani, na maofisa wanaopokea maombi ya leseni waweza kuwashauri waombaji. Mwandishi wa vibao naye ni mwandishi. Maandishi yake husomwa na wengi kuliko vitabu vyetu. Hatuna budi kumpa istilahi zinazomfaa kabla hajaingiza brashi yake katika rangi.