Mwacha Asili: Nafsi Inayobadilika katika Vuta N'kuvute kwa Mtazamo wa Masisi

1.0 Utangulizi

Methali isemayo mwacha asili ni mtumwa ni hukumu iliyo tayari kwa kila mhusika anayetoka alikozaliwa akawa mtu mwingine. Zipo riwaya ambazo mwisho wake unakaribia kuithibitisha. Rosa katika Rosa Mistika (1971) na Kazimoto katika Kichwamaji (1974), zote za Euphrase Kezilahabi, wanajiua baada ya kushindwa kupatanisha walivyolelewa na walivyokuja kuwa. Makala haya yanadai kwamba Vuta N'kuvute (1999) ya Shafi Adam Shafi inaikataa hukumu hiyo, na kwamba thamani ya ukataaji huo hudhihirika zaidi riwaya inapowekwa kando ya lugha na historia ya Masisi, katika Kivu ya Kaskazini, eneo ilipo Burungu.

2.0 Mlango wa Mwajuma

Yasmin ni binti wa Kihindi aliyeozwa Bwana Raza, mwanamume wa makamo, katika Zanzibar ya wakati wa ukoloni. Anapoivunja ndoa hiyo, jamaa zake wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo asiye na mali wala cheo. Tangu hapo Yasmin anajifunza kuishi upya: chakula, nyimbo, mazungumzo, urafiki, na hatimaye mapenzi yake na Denge, mwanaharakati anayesakwa na serikali.

Ni rahisi kulisoma badiliko hili kuwa ushujaa wa moyo mmoja. Usomaji huo haukosi ukweli, lakini haujitoshelezi. Ujasiri wa Yasmin ungempeleka wapi lau Mwajuma naye angefunga? Mwandishi anaonyesha kwamba nafsi hunyumbuka pale inapopata mahali pa kusimama, na mahali hapo hutolewa na mtu mwingine. Yasmin hawi mtumwa kwa kuwa aliyempokea hakumdai aikane asili yake kwanza.

3.0 "Niko" ya Kivu

Masisi na Walikale ni nchi ya Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga na lugha nyingine. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wasemaji wake sokoni na njiani. Katika Kiswahili cha Kivu mtu husema "niko mwalimu", ambapo Kiswahili sanifu hudai "mimi ni mwalimu". Kiambishi -ko, ambacho katika usanifu huonyesha mahali alipo mtu, huko hubeba pia jinsi alivyo. Sarufi haithibitishi falsafa, na wasemaji wa "niko" hawabadiliki kwa wepesi kuliko watu wengine. Hata hivyo, umbo hilo linampa mhakiki istilahi anayoihitaji. Yasmin hafahamiki vema kwa "mimi ni". Anafahamika kwa "niko", yaani kwa pale aliposimama sasa, bila kufuta alikotoka.

Historia ya eneo hilo inalitia swali hili uzito. Kuanzia mwaka 1937 utawala wa Kibelgiji ulihamishia Masisi maelfu ya watu kutoka Rwanda, na Wahunde wakaona ardhi na mamlaka ya machifu wao yakipungua. Mwaka 1972 sheria iliwapa uraia wahamiaji kutoka Ruanda-Urundi waliokuwa wamekwisha kukaa Kivu kwa miaka mingi. Mwaka 1981 sheria nyingine iliutengua. Mwaka huohuo wa 1972 raia wote wa Zaire waliamriwa kuacha majina ya Kikristo. Hivyo mtu aliweza kupewa uraia na kuvuliwa jina la ubatizo katika mwaka mmoja, kisha akapokonywa uraia wenyewe, hali hajaondoka shambani pake. Mwaka 1993 vita vilipozuka Walikale na Masisi, swali la nani mwenyeji na nani mgeni lilijibiwa kwa silaha.

Kwa hiyo si kila badiliko ni uhuru. Kuna kubadilika na kuna kubadilishwa. Yasmin anachagua, mkulima wa Masisi aliandikiwa.

4.0 Hitimisho

Kwa kipimo hicho, riwaya ina pengo. Yasmin anabadilika sana, ilhali Mwajuma, aliyempokea, anabaki karibu alivyokuwa. Unyumbufu unadaiwa kwa mgeni tu. Historia ya Masisi inaonyesha kwamba hilo halitoshi: mwenyeji anayempokea mgeni naye hawezi kubaki alivyokuwa, na hofu ya badiliko lake mwenyewe huenda ikawa ndiyo inayoufunga mlango. Pengo hilo haliiondolei riwaya sifa yake. Shafi ameonyesha kwamba asili yaweza kuwa pale mtu anapoanzia safari, pasiwe pale anapofungwa kamba. Kazi iliyobaki kwa watunzi wa Kiswahili, wa pwani na wa maziwa makuu, ni kumwandika Mwajuma anayebadilika.